Mtungi wa Shaba Usiopinduliwa

Siku yangu ya kwanza zimamoto, hapa Mpanda, Mkuu wa Kituo hakunipa kofia wala buti. Aliweka mezani mtungi wa shaba unaong'aa, wenye mpira mfupi ubavuni, akaniuliza ni wa nini. Nikajibu, wa maji. Akacheka mpaka nikaona haya.

"Huu ni wa kuzimia moto, wa enzi za mgodi uliokuwa hapa," akasema. "Ndani walitia maji ya magadi, na juu kichupa cha tindikali. Ukiupindua vinakutana, maji yanaruka kwa nguvu. Mpira ukiwa umeziba, mtungi unapasuka. Kifuniko kinaondoka na kichwa chako."

Ule wa mezani ulikuwa mtupu, lakini nilirudi nyuma hatua mbili.

Baadaye nikawa mkaguzi. Siku moja mimi na Mkuu yuleyule tuliingia nyumba kongwe ya Kashaulili, hapa mjini. Uani tulimkuta Mama Anjelina, mjukuu mgongoni, akisugua kwa majivu mtungi kama ule. Kifuniko kilikuwa kimeganda, na nyigu walikuwa wamejenga kwenye mdomo wa mpira. Kwetu chombo kikishaoshwa hulazwa kifudifudi kichanjani. Akauinua aulaze hivyo. Nikasikia maji yakicheza ndani.

Niliogopa, nikasimama tu.

"Mama, usiupindue," Mkuu akasema polepole. "Simama hivyo hivyo."

"Sasa baba, utakaukaje?"

"Nitaukausha mimi. Nipe."

Akaupokea ukiwa wima, akautua chini.

"Ulikuwa huu tu?" nikamuuliza mama.

"Ilikuwa miwili. Mwingine nilimpa mtu wa Mwese. Hata jina simkumbuki."

Tulipanda milima ya Mwese kwa pikipiki, nyumba kwa nyumba, tukiulizia mtungi wa kuzimia moto. Kila mtu alisema hana. Tulikuwa tumeshapita nusu ya vijiji ndipo nilipokumbuka jibu langu la siku ya kwanza. Tukaanza upya, tukiulizia wa maji. Hatukuupata.

Sasa nimestaafu. Mke wangu akilaza sufuria kifudifudi kichanjani, bado nashtuka, naye hunicheka. Nyie wa Mwese, kama kwenu kuna mtungi wa shaba wenye mpira ubavuni, najua mnauita wa maji. Msiuoshe. Uacheni ulivyosimama, mtoe watoto, mwite zimamoto.