Zamu Yangu Dunguni

Kwanza nilisikia debe. Lilikuwa linapigwa mahali pa wazi, pasipo na ukuta wa kurudisha mlio, na kila pigo liliondoka likaenda zake mbali. Ukafuata ukelele mrefu, uliopanda na kukatikia juu, kisha kimya. Nilikuwa nimelala chali chumbani kwangu Kibaoni, simu juu ya kifua, macho nimeyafumba. Ndipo ikaja sauti ya mwanamke, ya chini, inayohema kidogo.

"Jamani, samahanini. Ni ndege. Nilikuwa nasema hivi…"

Akaendelea kueleza sehemu yake ya kazi ya kikundi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu dada wa Mofu, kwa sikio, muda mrefu kabla sijamwona. Tulikuwa watatu katika Kundi la Saba. Chuo chetu kilifundisha kwa mtandao, na mhadhiri alitupanga pamoja kwa sababu sote tuliishi bonde moja. "Ili muweze kukutana," aliandika. Hatukukutana. Wa tatu alikuwa kaka mmoja wa Malinyi, fundi simu, ambaye nyuma ya kila ujumbe wake kulikuwa na redio na wateja wanaobishana. Nyuma yangu mimi, waliniambia, kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba sikuisikia tena mpaka waliponiambia.

Asubuhi za msimu ule ukungu ulishuka mpaka madirishani, na mimi, nikiwa bado kati ya usingizi na kuamka, nilizicheza sauti zao moja baada ya nyingine. Bonde lote lilinijia kama nyumba moja kubwa ya vyumba vitatu, ambamo kila mmoja anaongea akiwa chumbani kwake, milango wazi, hakuna anayemwona mwenzake. Kazi yenyewe ilihusu namna ya kuwashirikisha wanakijiji katika kupanga mradi wa kisima. Tuliigawana sehemu tatu, kila mtu akaandika yake, mimi nikaziunganisha.

Kisha mhadhiri akatangaza kwamba kazi haitasomwa tu, itasemwa. Kila kundi litaingia darasani mtandaoni, kila mmoja atazungumza, na kila mmoja ataulizwa swali lake. Asiyesikika hapati alama. Kundi letu likapangiwa jioni, jua likianza kulegea.

Dada wa Mofu alijibu kesho yake. Safari hii hakukuwa na debe nyuma yake.

"Hiyo ndiyo saa ya ndege kula," alisema. "Mpunga wangu umeshaanza kuiva. Mume wangu yuko kambini anavua, mama magoti hayamruhusu kupanda dunguni kuwafukuza, na majirani kila mmoja yuko kwake. Nikiondoka saa ile, nitakuta mabua." Akaongeza, "Na somo hili mnajua nalirudia. Mwaka jana nilikuwa najifungua. Chuo kinaruhusu kurudia mara moja tu. Nikikosa tena, naondolewa."

Alilisema neno la mwisho kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Tulimwomba mhadhiri abadilishe saa, akajibu kwamba ana makundi mengi na siku chache. Kuzungumzia shambani haikuwezekana. Tuliwahi kujaribu katika kipindi cha mazoezi, debe likalia mara moja, mhadhiri akauliza, "Nani yuko karakana?" na kumzima sauti.

Fundi wa Malinyi alikuwa na jibu kwa kila kitu.

"Dada mkubwa, si urekodi tu? Mimi nakusafisha, debe natoa, nakurusha hewani. Mzee hatajua."

"Na akiniuliza swali? Utamrushia na jibu?"

"Tutasema mtandao umekata."

"Wako ndio hukata. Kila ukiambiwa uandike."

"Aisee! Umeniua dada."

Dada alicheka naye kidogo, kisha akasema taratibu, "Hapana. Sitaki kusikika mahali ambapo sipo."

Maneno hayo niliyasikiliza tena na tena huku nikimenya viazi. Viazi vilipoiva nilikuwa nimeshatuma ujumbe: mimi nitakuja kuamia ndege, niwafukuze, wewe utazungumza.

Fundi akajibu kwanza kwa kicheko kirefu. "Wa Kibaoni? Ndege watamkaribisha chakula!"

Nilipanda gari la asubuhi, nikamalizia kwa bodaboda, tukipita katikati ya majaruba ambayo ukungu ulikuwa haujayaachia. Mpunga ulionekana vipande vipande, dhahabu hapa, kijani kule, kama kitu mtu anachojaribu kukumbuka. Kutoka ndani ya weupe ule zilikuja kelele za watu nisiowaona. Mmoja alipaza sauti, mwingine akapokea mbele yake, mwingine mbele zaidi, mpaka sauti ikapotea upande wa mto.

Kwa sababu ya ile sauti ya chini nilikuwa nimemchora mwanamke mrefu, mnene. Aliyekuja kunipokea alikuwa mfupi, mwembamba, mtoto mgongoni amelala. Tukasalimiana kwa aibu kama wageni. Nilimtazama usoni nikakosa pa kumshika. Ilibidi nitazame chini, kwenye matope, akasema, "Jamani, samahani kwa njia mbaya," ndipo nikamjua.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, mguu mmoja ameunyoosha juu ya mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiye huyu wa kwenye simu?"

"Ndiye, mama."

"Mbona ana mikono ya kalamu?"

"Ana mdomo, mama. Ndege wanaogopa mdomo."

Mchana ule alinifundisha. Dungu lilikuwa jukwaa la miti juu ya nguzo nne, na nilipanda ngazi yake nikiwa nimefumba jicho moja. Kutoka pale kamba zilienda pande zote za shamba, zimefungwa makopo. Ukivuta, shamba zima linalia. Kulikuwa na debe, na rundo la madonge ya udongo ya kurusha.

"Usisubiri watue," aliniambia. "Na ukiwafukuza kwangu wataenda kwa jirani, naye atakurudishia. Hana ubaya na wewe. Utamrudishia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka giza."

Tulipanga hivi: mimi nizungumze kwanza nikiwa ndani ya nyumba, yeye akilinda. Nikimaliza, fundi apokee, na aongee sana, ili nipate kuvuka tuta na kupanda dunguni. Kisha dada ashuke, aende nyumbani, afunge mlango, azungumze.

Nilisema yangu nikitazama ukuta wa udongo, nikajibu swali langu, nikazima kipaza sauti na kutoka mbio, visikizi masikioni. Fundi alikuwa anarefusha kama alivyoombwa. Alimshukuru mhadhiri, akashukuru chuo, akawashukuru wanakijiji wa kisima ambacho hakikuwahi kuwepo.

"Kijana, nenda kwenye hoja," mhadhiri alisema.

"Naenda mwalimu, niko njiani."

Nilicheka peke yangu juu ya tuta. Dada alishuka ngazi, nikapanda. Alinishikisha kamba, akanitazama kidogo, akaondoka haraka kwa mwendo wa kuruka maji, mtoto akiyumba mgongoni. Nilimwona akiingia, na mlango wa mabati ukafungwa.

Sijui niwaelezeje wale ndege. Hawakuja kama ndege. Hewa ya upande wa magharibi ilikunjika, ikawa nyeusi, ikakunjuka, ikawa haina kitu, kisha ikawa nyeusi tena karibu zaidi. Nilipiga debe, nikapaza sauti, na wingu likageuka juu ya kichwa changu kama shuka linalokung'utwa. Jirani akalipokea kwa ukelele, na baada ya muda likarudi. Kati ya ukelele mmoja na mwingine, sikioni mwangu, sauti ya dada ilikuwa inaongea juu ya kisima. Nilikuwa nikimsikia kwa ndani na kuwapigia kelele ndege kwa nje, na dhahabu ile yote ikitikisika chini yangu, nikawa sijui mwili wangu uko upande gani.

Alimaliza sehemu yake. Kisha mhadhiri akauliza:

"Kama wanawake hawaji mkutanoni, utajuaje wanataka kisima kiwe wapi?"

Kimya. Nilisikia pumzi yake, nikamsikia mtoto akigugumia. Swali lile liliangukia sehemu niliyoiandika mimi, si yake. Jibu nililijua. Nilichomoa simu kifuani, kidole kikawa juu ya herufi. Maneno mawili yangemtosha.

Na kwenye kona ya shamba, upande wa mto, wingu likaanza kushuka.

Nilimfikiria mbele ya ule ukuta wa udongo, akisoma maneno yangu kwa sauti yake. Nikarudisha simu kifuani, nikashika kamba kwa mikono miwili, nikavuta kwa uzito wangu wote, na nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. Uliendelea mpaka pumzi ikaniishia. Ndege walinyanyuka. Mabua ya kona yalibaki yamesimama yakiwa mepesi, maana waliowahi walikuwa wameshakula.

Nilipotulia, dada alikuwa ameshafika katikati ya jibu.

"…kwa hiyo sitawaita tena. Nitawafuata wanakochota sasa. Wengine huchota alfajiri, wengine wakitoka shambani. Nitachota nao, niwasikilize huko huko, halafu ndiyo nirudi mkutanoni na waliyosema."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mwalimu."

Mhadhiri akasema, "Vizuri. Umefaulu. Mwaka ujao nisikuone tena kwenye somo hili. Kundi la Saba, tokeni, nawasubiri la Nane."

Fundi akapiga kifijo akisahau kwamba bado yuko darasani, na mhadhiri akamkatia katikati. Lakini dada hakuwa ametoka, wala mimi. Pengine hakujua abonyeze wapi. Niliendelea kusikia chumba kile: kiti kikiburuzwa, mtoto, na mama yake akiuliza, "Wanasemaje?"

"Nimefaulu, mama."

"Umemaliza hiyo kurudia?"

"Nimemaliza."

Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayejifuta uso kwa kanga, "Basi mlaze huyo hapa kwangu, uende. Mtoto wa watu yuko juu peke yake."

Jua lilikuwa limeshagusa mpunga. Kule mwisho wa tuta nilimwona akitoka, mikono mitupu, simu ameiacha ndani, akiuvuta mlango nyuma yake. Mlio wa mlango ulinijia kwanza kupitia hewani, juu ya shamba. Baada ya kitambo, kwa kuwa mtandao ulikuwa unachelewa, mlango uleule ukafungwa tena sikioni mwangu.