Moyo Wangu na Jasho la Salum

Harufu ya mbao za sanduku la chai zilizokatwa sasa hivi hunirudisha Temeke ya kabla ya uhuru. Baba alikuwa akifagia uwanja wa tenisi wa Wazungu mjini, na siku moja alituletea mpira uliokwisha manyoya. Kaka yangu Salum akachonga vibao viwili kutoka sanduku la chai, kamba ya mama ya kuanikia nguo ikawa wavu wetu, na kipupwe chote hatukukamatika. Kila alasiri Salum alilowa chapachapa, shati limemganda mgongoni. Mimi, mdogo wake wa kike, nilikuwa mkavu, nikawa namcheka.

Mama ndiye aliyeingiwa na wasiwasi. Jioni moja aliniwekea kiganja kifuani, kisha akamwekea Salum.

"Huyu jasho tu, moyo umetulia. Wako mbona unakwenda mbio hivi, mwanangu?"

Mdogo wa mama alifariki akiwa msichana, na watu walisema ni moyo. Mama akaniambia, "Kesho nikiukuta hivi tena, basi. Utakaa jikoni na mimi." Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi, maana hakukuwa na kitu nilichokipenda kama mchezo ule.

Kesho yake tulipomaliza kucheza, Salum aliniambia nikae kivulini nipumzike. Yeye akaanza kuizunguka nyumba mbio kama kuku anayefukuzwa, kisha akanishika mkono tukaenda kwa mama.

"Leo na wako unadunda?" mama akamuuliza Salum, kiganja kifuani pake.

"Ndivyo mchezo ulivyo, mama," akajibu huku akihema.

Mama akatazama nyayo zilizovuruga mchanga alioufagia muda si mrefu. Baadaye akasema tu tusicheze jua likiwa kali. Nilimpenda sana Salum siku ile, nikampenda na mama pia.

Leo mjukuu wangu wa kike anacheza tenisi shuleni. Mwalimu wake ameniambia kwamba katika mchezo ule ule, mioyo ya wasichana wengi hupiga haraka zaidi na wavulana hutoka jasho zaidi, wala si ugonjwa. Natamani mama angelisikia hilo. Mtoto akirudi nyumbani, wazazi wake humuuliza kama ameshinda. Namwonea wivu, nakiri. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniuliza swali hilo, nami sikuthubutu kumwambia kwamba Salum hakunishinda hata mara moja.