Ugali wa Harusi ya Kalunde

Juzi hapa Mtendeni wajukuu zangu, Mwajuma na Tatu, walizozana jikoni nikisonga ugali, nikamkumbuka mama yangu, Nyamizi.

Nikiwa mtoto, siku ya harusi ya shangazi Kalunde, wakwe walifoka uani kwamba hatukuwapokea kwa heshima, basi wataondoka bila bibi harusi. Kalunde akawa analia. Mama alisonga ugali wa mtama ndani ya moshi, nikadhani hasikii.

"Mama, wanaondoka."

"Nikiuacha utaingia mabuje ya unga. Wapelekee maji ya kunawa."

Mzee Kasanda, mkubwa wao, alinusa mboga ya mlenda wa karanga kutoka jikoni, akaacha kufoka, akanawa. Wote wakaketi. Jioni Kalunde alikwenda kwa mumewe, vigelegele njia nzima.

Kumbe mama alisikia kila neno, ndiyo maana aliongeza unga, ugali uwatoshe na wakwe. Juzi nami, wajukuu wakizozana, niliongeza unga.