Mdogo Asome Kwanza

Leo kwenye practical ya kemia niliona kosa la wenzangu nikanyamaza, kama kawaida yangu. Nilipomwambia Shosho, nyanya yangu, hapa nyumbani Gatongora, aliacha kuchambua maharagwe. Naandika alivyosema.

Mwanangu, iko siku moja ambayo hainitoki. Nilikuwa msichana, nimeingia tu maabara ya kiwanda cha peremende kule Thika. Tulipima sukari kwa mwanga. Unayeyusha sukari kwa maji, unachuja mpaka yang'ae, unajaza mrija bila kuacha hata povu. Mwanga wenyewe umepangwa, kama nywele zilizochanwa zikalala upande mmoja. Ukipita kwenye sukari, unajipinda. Sukari ikizidi, unajipinda zaidi. Unachungulia kwenye mashine, unaona duara, nusu giza, nusu mwanga, unazungusha gurudumu polepole mpaka nusu zilingane. Hapo unasoma namba. Ni jicho lako tu.

Mkubwa wetu, Mzee Njoroge, alikuwa na sheria: mdogo asome kwanza, asijue mkubwa ataona nini. Lakini sisi tumelelewa vipi? Mdogo hungoja wakubwa waseme. Basi siku hiyo nikampisha Mzee asome kwanza. Niliona ndiyo adabu.

Lori la sukari lilikuwa limesimama nje tangu asubuhi. Dereva akatupigia kelele dirishani, "Haiya! Mnapima hiyo sukari ama mnainywa na chai?" Tukacheka. Lakini haikuwa mchezo. Sukari isipofikisha kipimo inarudishwa, na mwenye mzigo alikuwa mfanyabiashara mdogo, ameweka kila kitu chake kwa hilo lori.

Mzee akachungulia. "Iko chini. Irudishwe," akataja namba yake.

Nikachungulia na mimi. Nusu hazikulingana. Nikazungusha mpaka zikalingana, namba ikawa juu kabisa. Sukari ilikuwa nzuri! Lakini kumpinga mkubwa sikuweza. Nikasema, "Ni hivyo hivyo, Mzee."

Akanigeukia. "Gurudumu nililiacha kwa namba yangu. Kama tunaona sawa, mbona nimelisikia likizunguka?"

Machozi yakanitoka. Nikasema nilichoona. Akamwita Wambui, mwenzangu, asome bila kuambiwa chochote. Wambui akapata namba yangu.

Mzee akakaa, akavua miwani. "Macho yangu yameanza kunificha vitu," akasema. "Wewe ulitaka kuniheshimu, msichana. Hiyo heshima yako ingenifanya nimdhulumu mtu."

Lori likaingia. Mzee mwenyewe akaenda kwa meneja kusema hatasoma tena. Nilimwona akitembea kwenye korido, mkono ukipapasa ukuta, na hakuna aliyethubutu kumshika.

Mwanangu, watu husema penye wazee haliharibiki jambo. Ni kweli, lakini wazee hao wana watoto wa kuwaambia wanachoona. Mkubwa mpe kiti, mwamkie, mbebee mzigo. Macho yako usimpe. Ukiulizwa umeona nini, sema ulichoona, hata kama sauti inatetemeka. Iache itetemeke. Na ukikosea, utarekebishwa, hujafa. Lakini ukinyamaza, ni nani atajua kuna kitu cha kurekebisha? Kesho nenda kwa mwalimu, umsalimie vizuri, umwambie ulichoona.

Mungu akupe macho safi, na akupe kinywa cha kuyafuata. Uzeeke ukiwa na watoto wasiokuogopa. Ngai akurathime, Mungu akubariki.