Karatasi ya Jeshi ya Anaclet

Anaclet alikuwa analinda magari mbele ya maduka kule Glenwood, Afrika Kusini. Tulipanga naye flati moja: mimi, mume wangu Pascal na mtoto tuko chumbani, yeye sebuleni nyuma ya pazia. Kila asubuhi alitandika kitanda mpaka shuka inanyooka kama meza, halafu anapiga viatu kiwi, viatu vya kusimama juani tu. Tulijua aliwahi kuwa sajenti wa jeshi kwao Bukavu. Kwa nini alitoka jeshini, hakuna aliyejua. Wenzake wa parking walimwita mkubwa kwa utani, "Chef, leo vita iko wapi?" Anacheka, anarudi kwenye magari yake.

Siku moja mwaka 2011 askari wa jeshi la huku, amevaa sare, alipaki gari pale akiwa na mwanaume mwingine. Wakati wa kuondoka akamwambia Anaclet kwamba huyo ni mume wake. Anaclet akamuuliza kama wakubwa wake wanajua. Yule akasema wakubwa walikuja arusini, wakala keki.

Alinisimulia hayo nikiwa namnyonyesha Carmel. Halafu akatoa karatasi chini ya godoro, ina mihuri miwili.

"Mama Carmel, mimi walinifukuza kwa sababu hiyo hiyo."

Nilimvuta mtoto karibu yangu, na aliona.

Juma lile aliniomba nimpigie shati pasi, anakwenda ofisi ya kuandikisha askari. Alijua umri umesogea, lakini alikuwa amepiga hesabu yake: kosa lililomtoa kule, huku si kosa. Kwa hiyo atawapelekea karatasi ile ile. Waone miaka yake tisa ya kazi, waone pia kwamba hafichi kitu.

Alirudi saa saba mchana, viatu bado vinang'aa. Alisema kijana wa mapokezi aliigeuza karatasi juu chini, maana Kifaransa hajui. Anaclet akataka kumtafsiria. Kijana akamwambia asijisumbue, alete kitambulisho cha Afrika Kusini, jeshi la hapa ni la raia. Yeye ana karatasi ya ukimbizi tu.

"Hawakuniuliza nampenda nani," alisema. "Na mimi nilijiandaa kwa swali hilo tu."

Akanipa ile karatasi. "Nisomee. Miaka sita naibeba, hakuna mtu ameisoma."

Mimi Kifaransa changu ni cha darasa la sita. Nikasoma polepole, jina lake, namba yake, kikosi chake. Nilipofika kwenye maneno kuhusu yeye na mwanaume mwenzake nikashusha sauti, maana Pascal alikuwa chumbani anasikiliza redio.

"Soma kwa sauti," akasema. Amesimama wima, mikono imebana mapaja, kama mtu aliye kwenye gwaride.

Nikasoma kwa sauti mpaka mwisho. Chumbani redio ikazimwa.

Asubuhi yake Pascal alitoa kikombe cha Anaclet kwenye rafu yetu ya jikoni, akakiweka chini karibu na pazia. Nilimwona, nikaendelea kukoroga uji. Anaclet alipotoka alikiokota, akakipangusa, akakiweka juu ya kitanda chake kilichonyooka, katikati kabisa. Halafu akainama kufunga kamba za viatu, akaenda kazini.