Uzi Kwenye Shingo ya Kichupa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuandika hata herufi moja. Nilifuta vumbi, na kwa kufuta vumbi nusura nifukuzwe kabla ya adhuhuri.

Nilikuwa kijana wa Kikwajuni, nimekhitimu chuoni, nikijua kusoma Kurani na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyokuwa tukiandika sote wakati ule. Zaidi ya hapo nilichokuwa nacho ni ndoto tu. Asubuhi ile nilipita Mnazi Mmoja na kanzu ya kuazima, nikijiona nshakuwa karani mkubwa, watu wananipisha njia. Ilikuwa miaka michache baada ya jumba la Sultani kupigwa mizinga. Nyumba ya biashara iliyonichukua ilikuwa Shangani, ikinunua karafuu za mashamba na kuzipakia melini.

Mkubwa wangu alikuwa Karani Mkuu, mzee wa Kiarabu wa Malindi, mwenye kilemba cheupe na ndevu za hina. Shamba la ukoo lilikwisha kuwatoka mikononi, naye ndiye aliyekuwa akimlisha binti yake mjane na wajukuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha kitambaa. Nikafuta meza yake kwa moyo wote. Aliporudi kutoka msikitini akanyoosha mkono kwenye wino, mkono ukashika hewa.

"Nani kanigusia kidau changu?"

"Mimi, Sheikh. Nlikuwa nafuta vumbi."

"Vumbi lifute. Kidau kiache."

Nilikitazama kile kidau. Kilikuwa kimesogea upana wa kidole. Sikuelewa kabisa. Nikajisemea, makarani wakubwa ndivyo walivyo, nami nikikua nitakuwa mkali vivyo hivyo.

Nyinyi vijana wa siku hizi mna kalamu zinazobeba wino wao tumboni, kwa hivyo niwaeleze meza ya mwandishi ilivyokuwa. Kulia kilikaa kidau cha shaba, na ndani yake kifundo cha nyuzi za hariri, kwani hariri hushika wino ili kalamu isinywe kupita kiasi ikadondosha. Mbele yake zililala kalamu za matete na kisu kidogo cha kuzichonga. Ncha huchongwa kwa mshazari kisha hupasuliwa katikati, na mkono ukiteleza hapo kalamu imekwisha. Kushoto lilikuwa kopo la mchanga lenye matundu kifunikoni. Mchanga mweupe wa pwani, umechekechwa kwa kitambaa cha melimeli. Ukishaandika unaunyunyiza juu ya maandishi mabichi, nao hunywa unyevu, kisha unaukung'uta, unaurudisha koponi. Katikati palikuwa na kauri kubwa ya kukandamizia karatasi, maana upepo wa Shangani hauna adabu. Na pembeni kabisa palikuwa na muhuri na kijiti cha lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia barua.

Karani Mkuu hakuandika sana. Mimi na mwenzangu Farjala, kijana wa Mlandege asiyekaukiwa maneno, ndio tuliokuwa tukiandika barua. Yeye aliandika mstari wa mwisho tu, ule unaosema barua hii kaiandika fulani bin fulani kwa mkono wake. Bila ya mstari ule wenye mashamba hawakuiamini barua, kwa sababu wao walilijua jina lake, si la tajiri mwenye nyumba ya biashara.

Kabla ya kuuandika alisema, "Nisomee." Nikamsomea barua nzima, neno kwa neno, naye kafumba macho. Nilidhani ananifundisha matamshi. Mara nyingine nikiwa naandika upande wa pili wa chumba alisema bila ya kugeuka, "Mabruki, kalamu yako inalia, ichonge." Au alinusa kidau akasema wino una maji. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yangu, Bi Zawadi, kwamba nafundishwa kazi na walii. Mama akaniambia nile kwanza, habari ya mawalii baadaye.

Ndipo akaja Bwana Mkubwa mpya, Mzungu aliyetumwa kusimamia ile nyumba. Kiswahili chake kilikuwa safi lakini kikavu kama mkate wa juzi. Wiki zake za mwanzo alimkuta mpima mizani, mtu mzima, akiinama mpaka pua inagusa chuma ili asome alama. Akamwachisha kazi palepale. Alisema asiyeona hana kazi kwake. Tulimtazama mpima mizani akivaa makubadhi yake ya ngozi akashuka ngazi. Karani Mkuu alikuwa akipapasa kauri yake, akiizungushazungusha.

Kisha Bwana Mkubwa akazigeukia meza. Akauliza kwa nini zinafanana na gulio. Mchanga ukatupwa nje ya dirisha, tukapewa karatasi nene za kunyonya wino. Matete yakaenda jikoni kuwashia moto, zikaja kalamu za chuma. Kila meza ikapata sinia la chuma, na juu ya sinia vichupa viwili vya kioo, sawa kwa umbo na kimo, kimoja wino mweusi na kimoja mwekundu wa kupigia mistari ya hesabu. Mimi nilifurahi. Vichupa viling'ara kwenye jua, nikawaza siku moja nitaandikia wino wa buluu, wa kijani, wa kila rangi.

Siku ileile Karani Mkuu aliandika mstari wake wa mwisho chini ya barua yangu. Akaupulizia, akanipa. Jina lake lilikuwa jekundu tupu.

"Wino wao umekolea," alisema. "Mweusi mzuri."

Nikasimama na ile karatasi. Kichwa changu kilikwenda mbele kikarudi nyuma: kidau kisisogezwe, nisomee, kalamu inalia, macho yaliyofumbwa. Yote niliyokuwa nimeyaita uwalii. Nikasema neno la kwanza lililonijia, kwamba samahani, nimedondosha wino juu ya jina lake, nitainakili barua upya.

Aliilaza kalamu juu ya sinia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umedondosha wa rangi gani?"

"Mwekundu, Sheikh."

"Basi nakili."

Usingizi ulinipaa. Kumwambia Bwana Mkubwa ni kumshusha mzee ngazi. Kumnyamazia ni kungoja siku jina jekundu litakaposhuka kwenye mkataba mbele ya watu. Na mzee mwenyewe nisingeweza kumtajia, maana hakunitajia. Kulipokucha nikakichukua kile kidau cha shaba kilichotupwa kabatini, nikatoa nyuzi mbili za hariri yake, nikazifunga kwenye shingo ya kichupa cha mweusi. Karani Mkuu alipokaa, vidole vyake vikapanda shingo moja, vikapanda ya pili, vikaukuta uzi. Havikuondoka upesi. Siku hiyo alinisifu kusoma, na nilikuwa nimesoma vibaya.

Farjala hakuacha kuniandama. "Mabruki, hicho kichupa kina degedege? Mbona umekivisha hirizi?" Nikamwambia ni kwa ajili ya kuzuia wino usiteremke. Akasema basi anifungie na mimi, maana pua yangu inateremka.

Msimu wa karafuu ulipoanza wakaja wenye mashamba wa Bumbwini na Mkokotoni kufunga mkataba. Baraza lilijaa. Bwana Mkubwa alikuwa amepita mapema kukagua meza, na nilipoingia na karatasi niliona kisu kidogo juu ya meza ya Karani Mkuu na nyuzi zangu mbili chini sakafuni. Kwa macho yake ulikuwa uchafu, kauondoa.

Sikupata nafasi ya hata kukohoa. Mkataba ulikwishasomwa, wageni wamesimama kuzunguka meza, na Bwana Mkubwa kakaa kitako ubavuni. Karani Mkuu alishika kalamu ya chuma, mkono wa pili ukaenda kwenye sinia. Vidole vikapanda shingo ya kwanza. Vikashuka. Vikapanda ya pili. Vikarudi ya kwanza. Mzee mmoja wa Mkokotoni akasema kwa utani kwamba Sheikh anachagua wino kama anachagua mchumba, watu wakacheka. Karani Mkuu akacheka nao, na jasho likimtoka chini ya kilemba.

Mimi nilimtazama Bwana Mkubwa. Alikuwa akivitazama vile vidole. Akatazama sakafuni kwenye nyuzi, akatazama tena vidole. Uso wake ulikuwa uleule wa siku ya mpima mizani, nami nikajua kwamba tumekwisha. Akanyoosha mkono, akakisukuma kichupa kimoja mpaka kikagusa kidole cha mzee.

"Hiki," alisema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake.

Jina likaandikwa jeusi. Mkataba ukafungwa, kahawa ikaletwa, na habari ile haikutajwa na yeyote, si siku hiyo wala baadaye.

Asubuhi ya pili niliwahi, nimekuja na nyuzi nyingine mfukoni. Kichupa cheusi tayari kilikuwa na uzi, wa pamba, mnene. Karani Mkuu akaupapasa.

"Mabruki, umebadilisha fundo."

"Si mimi, Sheikh."

Akalipapasa tena, vitanzi viwili vilivyolala huku na huku. "Basi usimwulize mtu," alisema.

Sikumwuliza mtu. Lakini macho yangu yalikuwa mazima. Fundo lile lilikuwa la kufungia viatu vya kamba, na ofisini kwetu sote tulivaa makubadhi isipokuwa mmoja.

Karani Mkuu alikaa kwenye kiti chake mpaka alipotaka kuondoka mwenyewe, kwa heshima, akanipa mkono na kidau cha shaba. Mimi nilipelekwa kituo cha Mkokotoni kupokea karafuu, nikarudishwa Shangani, nikakaa meza ileile. Wakaja mabwana wengine, mmoja mpenda kengele, mmoja mpenda chai. Mwisho ikaja mashine ya kuandikia, inayogonga herufi kama mvua juu ya bati, nikaona zamu yangu imekwisha. Nikaaga nikicheka. Nilikuwa bado sijaandikia wino wa kijani.

Mnaniuliza Bwana Mkubwa yule alikuwa mtu wa namna gani. Nimekaa na swali hilo umri wangu wote na bado linanizunguka. Mpima mizani alishuka ngazi, na hakuna aliyemfungia uzi. Mtu yuleyule, mikono ileile. Nikimkasirikia nakiona kichupa, nikimpenda nayaona yale makubadhi yakishuka.

Kichupa kile chenye uzi wa pamba nilitoka nacho kazini, kiko hapa juu ya meza yangu. Wino ulikwisha kukauka zamani. Wajukuu huniambia niufungue ule uzi nikioshe, na kila mara nakataa. Mimi ni mvaa makubadhi. Nikilifungua fundo lile, sitajua kulifunga tena.