Kidude cha Nchi za Baridi

Kabla sijaliona gari la baba, nililisikia likipanda kutoka mtaa wa Bondeni: ko-ko-ko-ko, kama mtu aliyefungiwa ndani ya injini akibisha atolewe. Baba alishuka akitabasamu. Injini, alisema, imekomaa sauti.

Mama hakuwa na sikio la muziki. Alikwisha kumpata mnunuzi, mwanamume wa Kaptembwo anayekata magari ya zamani na kuuza vipuri. Baba akaomba nafasi moja: injini ifunguliwe, itengenezwe upya, kisha waende kwa dada yake mama, Longonot. Gari likifika bila kusimama njiani, litabaki. Likisimama, limekwenda. Sisi watoto wote tuliletwa nyumbani kutoka hospitali katika kiti chake cha nyuma, na baba alilipenda kuliko sisi, kwa sababu halikuwahi kumjibu.

Mtu mwingine angebadilisha pistoni na ringi, akamshukuru Mungu. Baba alitaka na nguvu pia. Akanunua kabureta ya midomo miwili, na ekzosi pana iliyonguruma kama fahali mwenye mafua. Fundi wetu alisifu yote. Hajawahi kukutana na wazo baya asilolipenda. Kisha akang'oa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, akakitupa kwenye majani.

"Hii ni ya wazungu, mzee. Ya nchi za baridi. Huku kwetu ni joto."

Ilikuwa asubuhi ya Julai. Fundi alikuwa amevaa boshori ya sufu kichwani na makoti mawili, na mvuke ulimtoka mdomoni kwa kila neno. Baba aliafiki, akipuliza vidole vyake.

Siku ya safari ukungu ulikuwa umelala bondeni kama maziwa yaliyomwagika. Karibu na Gilgil gari likaanza kukohoa. Bila kile kidude, injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na kabureta ya midomo miwili iliinywesha petroli kama mlevi anayemnunulia rafiki. Plagi zikalowa. Tukasimama.

"Haijasimama," baba alisema, bado ameshika usukani. "Imepumzika."

"Hata marehemu husemwa hivyo," mama akajibu.

Alishuka, akamimina mapajani mwangu pakiti za sukari na unga alizompelekea dada yake, akampa baba katoni tupu. "Funika rejeta. Hata jiko hulikingi upepo likishika moto?"

Baba akafuta plagi kwa shati lake la kanisani, akaweka katoni mbele ya rejeta, pale upepo unapopoza maji ya injini. Polepole injini ikapata joto, ikatulia, ikaanza kuimba. Kwenye mteremko wa Naivasha nilimsikia mama, macho yakiwa mbele, akisema taratibu, "Ongeza kidogo."

Siku iliyofuata, tukiwa tumerudi nyumbani, mnunuzi, aliyelijua sharti, alikuja, akapewa chai.

"Sasa mzee, ilisimama ama haikusimama?"

Baba ni mzee wa kanisa. Akaweka kikombe chini.

"Kwa kweli, pale Gilgil ili..."

"Mimi ndiye nilisimamisha," mama akamkatiza. "Nilishikwa na mkojo. Ama kwenu Kaptembwo watu hawakojoi?"

Mnunuzi akapaliwa. Akaimeza chai iliyobaki kwa mkupuo, akasema, "Basi sawa, mathe," akachukua kofia. Kisigino chake kilikuwa bado juu ya kizingiti mama alipoufunga mlango.